Aliyehudumiwa aseme kwanza: shajara ya mradi wetu wa redio na gazeti la ukutani, Milima ya Usambara

Januari, mwishoni

Kikao cha kwanza tumekifanyia kwenye ghala la viazi la mwenzetu, maana ukumbi wa kata ulikuwa na semina. Tunachotaka ni hiki: kuanzia Machi hadi Juni tutengeneze vipindi vya redio kuhusu watu wanaoutumikia umma huku kwetu milimani, yaani nesi wa zahanati, fundi wa maji, bwana shamba, mwalimu, mtendaji wa kijiji. Kila kipindi kitakwenda na karatasi ya kubandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Redio jamii inayotupa nafasi iko upande mmoja wa mlima, na wa upande wa pili wakifungua redio wanapata mikwaruzo, pengine stesheni za Kenya. Mawimbi ya FM hayapindi kona.

Juni tumeichagua kwa sababu Wiki ya Utumishi wa Umma huwa tarehe 16 hadi 23, na hiyo 23 ni siku ya Afrika nzima, chimbuko lake mkutano wa mawaziri wa utumishi uliofanyika Tangier, Morocco, mwaka 1994. Makao makuu ya wilaya siku hizo utaona mabanda na fulana. Kijiji ambacho gari halifiki wakati wa mvua hakioni hata bango.

Ubishi mkubwa wa kikao ulikuwa uchawa, yaani kujipendekeza kwa wenye cheo. Kijana mmoja kasema wazi kwamba tukianza kuwasifu watumishi, mwezi hautaisha tutaitwa chawa. Ana hoja. Anayesikiliza redio anajua kipindi cha kusifia kinavyokwenda: jina, cheo, "mchapakazi", "mzalendo", muziki, kwaheri. Msikilizaji anatoka hapo hajui yule mtu anafanya nini akiamka asubuhi.

Tumebishana hadi giza, tukatoka na masharti. Aliyehudumiwa aseme kwanza. Mtumishi aseme mwisho, na akisema aeleze kazi inavyofanyika, si yeye alivyo mzuri. Lalamiko likiwepo liingie kwenye kipindi hicho hicho, lisisubiri kipindi kingine. "Mchapakazi", "hodari" na "mzalendo" hayaandikwi wala hayatamkwi na mtangazaji. Raia akiyasema mwenyewe, hatumkati. Na bahasha hatupokei hata ikiitwa nauli.

Februari

Mwezi wa barua. Mtumishi wa halmashauri hazungumzi na mwanahabari hivi hivi. Msemaji ni mkurugenzi, na anayeshughulikia ni afisa habari wake. Sisi wala hatuna kitambulisho cha uandishi. Tuna simu, daftari na mhuri wa kikundi. Tumeandika barua za kuomba kuzungumza na nesi, mwalimu na bwana shamba. Zimegongwa "Imepokelewa", tukarudishiwa nakala.

Mwenzetu mmoja alidhani Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 itatusaidia, maana inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ni sheria nzuri, na tutaihitaji kwa mambo ya bajeti. Lakini itakupa karatasi, haikupi sauti ya nesi akieleza zamu yake ya usiku.

Tukiwa tunangoja, mwalimu mstaafu aliyejiunga nasi ametuletea historia kidogo. Kutuma habari kutoka vijijini si jambo geni katika mkoa huu wa Tanga. Magila, kule Muheza, wamisionari wa Kianglikana walikuwa na Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Tanga mjini, enzi za Wajerumani, shule ya serikali ilikuwa ikichapa Kiongozi hadi vita vilipoizima mwaka 1916, na kurasa zake zilijazwa na barua za walimu, makarani na maakida (wasimamizi wa maeneo chini ya Wajerumani) waliotawanyika vituoni: mvua imenyesha, nzige wamepita, shule imepata wanafunzi wapya. Baadaye, mwaka 1923, Waingereza wakaanzisha Mambo Leo, na mtindo ukaendelea.

Nimezipenda habari hizo, ila kuna jambo limenikaa. Aliyekuwa anaandika mara nyingi alikuwa mtumishi mwenyewe, akiandika kutoka kwenye kiti chake. Aliyebeba mizigo ya akida hakuulizwa safari ilikuwaje. Sharti letu la aliyehudumiwa kusema kwanza limepata uzito zaidi hapo, hata kwa wale waliokuwa wanaliona la kitoto.

Hatukukaa bure kungoja barua. Fundi wa maji si mwajiriwa wa halmashauri. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilipounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, miradi ya vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumia maji wenyewe, na fundi analipwa kutokana na fedha ya ndoo zinazochotwa vilulani. Kumhoji ni kuongea na kamati yake tu. Kamati imekubali. Tunaanza naye.

Machi

Kipindi cha kwanza kimeruka hewani, na nitakiandika kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichotufundisha kazi.

Aliyesema kwanza ni mama anayekaa kitongoji cha juu kabisa. Hakuwa na sifa hata moja ya kutoa. Kwake maji yanatoka usiku wa manane tu, na anaamini fundi anawapendelea wenye maduka na gesti za chini, kwa kuwa wao wanalipa bila kusumbua. Tulimrekodi alivyosema. Mwenzetu aliona tumeanza vibaya, kipindi cha kumuenzi mtu kinafunguliwa na mashtaka. Tukamwambia asubiri.

Kisha tukapanda na fundi hadi chanzoni. Kuna banio la zege ukingoni mwa msitu, na mdomoni mwa bomba kuna chujio la waya. Mvua kubwa ikinyesha usiku, majani na mchanga vinaziba chujio, kukicha vilula vya chini vinapiga chafya za hewa. Kwa hiyo msimu wa mvua yeye hapangi muda wa kulala. Akisikia bati linavyopigwa anajua kama atapanda au hatapanda. Alivua shati, akaingiza mkono hadi begani, akakwangua chujio kwa panga butu, akafungua tundu la kutolea mchanga. Maji yalitoka meusi, yakawa kahawia, akangoja yatakate ndipo akafunga.

Wakati wa kuteremka alisimama kwenye kila chemba. Anaweka ncha moja ya spana juu ya bomba, nyingine anaibana sikioni, anafumba macho. Maji yakipita bomba linavuma. Hewa ikikwama linagonga, tk, tk, na hapo analegeza nati kidogo hadi ifyonye yote itoke. Tuliibana simu kwenye spana hiyo tukarekodi. Kipindi kimefunguliwa na mvumo huo, halafu ile tk, tk, kabla hatujasema neno.

Na lile la mama wa juu? Fundi alichora chini kwa kijiti. Tenki liko karibu usawa mmoja na kitongoji chake, tofauti ya kimo ni ndogo mno. Mchana, chini wakiwa wamefungua koki zote, maji yanakimbilia bondeni. Usiku wakishafunga ndipo mgandamizo unapopanda na yeye anapata. Hakuna anayempendelea mtu, mlima ndio unapendelea. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kamati ilishaambiwa zamani juu ya tenki dogo la pili na hela haijatosha.

Mama akasikiliza kipindi kwa jirani. Hakuridhika, ila sasa analalamikia kamati, si fundi. Kwangu hiyo ni heshima zaidi ya fulana: mtu kuondolewa lawama isiyo yake, mbele ya watu, kwa maelezo ambayo kila mmoja anaweza kwenda kuyahakiki.

Karatasi ya ukutani ilikuwa na mchoro ule wa kijiti, tumeunakili kwa kalamu nene. Vijiji vya nyuma ya mlima tumewapelekea sauti kwa memori kadi. Vijana wa bodaboda wanaichomeka kwenye spika zao wakiwa kijiweni. Siku mbaya wanairuka na kuweka singeli, lakini ndiyo njia tuliyonayo.

Aprili

Masika yamekolea. Barabara ya Mombo kupanda Soni imemeguka tena mahali, malori ya kabichi yamelala njiani yakisubiri mashine ya kijiko. Tumerekodi kidogo na dereva wa greda, tutaona kama kitatosha kipindi.

Ruhusa ya bwana shamba imetoka. Tulitarajia kipindi chepesi. Kimekuwa kizito kuliko vyote.

Kwa masharti yetu, mkulima aseme kwanza. Tukaenda upande wa Mlalo kwa mzee wa miaka themanini na kitu. Shikamoo, marahaba, kikombe cha chai, tukamuuliza bwana shamba amemsaidia nini maishani. Akacheka. Akasema tunauliza la leo, yeye anakumbuka la zamani. Baada ya Vita vya Pili, mwaka 1946, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo bonde la Mlalo, na kuanzia 1950 ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima matuta ya lazima kwenye miteremko, na asiyelima alishtakiwa na kutozwa faini. Yeye alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Anamkumbuka baba yake akiinama shambani na bwana shamba amesimama juu ya tuta na fimbo ya kupimia. Kazi ilikuwa ngumu na mavuno hayakuonekana, na wenye vishamba vidogo waliona nusu ya ardhi imegeuka tuta. Watu walikataa, kina mama wakiwa mstari wa mbele, na chuki hiyo iliwapeleka wengi kwenye TANU. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa.

Halafu mzee akatupeleka shambani kwake. Mteremko wote umekatwa kwa mistari ya majani ya guatemala, manene, yanakatwa kulishia ng'ombe wa zizini. Hayo yaliletwa miaka ya 1980 na mradi wa kuzuia mmomonyoko, na mabwana shamba wa wakati huo, anasema, hawakuja na faini. Walikuja na fremu ya mbao yenye umbo la A na jiwe linaloning'inia kwenye kamba, wakamwachia aipime mistari ya kontua yeye mwenyewe. Mvua ya mwezi huu imeshusha udongo mashamba ya jirani, lake limesimama.

Huyu bwana shamba wa sasa, kijana, mzee anamsema vizuri na vibaya. Anakuja akiitwa, hilo zuri. Ila kata nzima iko mikononi mwake, pikipiki ikikosa mafuta hafiki, na wenye simu ndio wanaompata. Bwana shamba mwenyewe alisikiliza rekodi kabla ya kuhojiwa, akakiri hilo la mafuta, kisha akazungumza muda mrefu kuhusu ugonjwa wa bakajani la viazi: kwa nini anawaambia watu wasingoje kuona doa jeusi ndipo wapige dawa, na kwa nini anawakatalia kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja la kupulizia. Hajawahi kusikia habari ya matuta ya 1946. Alituomba nakala ya sauti ya mzee ili wenzake waisikie kwenye kikao chao cha mwezi. Tumempa.

Kuna wenzetu waliotaka historia hiyo ikatwe, eti inachafua. Nilisimama kidete. Huwezi kueleza kwa nini mtumishi wa leo anastahili heshima kama hutaji kwamba cheo hicho hicho kiliwahi kuogopwa. Mzee kaitofautisha heshima na hofu kwa kutuonyesha shamba tu.

Kisambaa kimetusumbua kwenye kuhariri. Leseni ya redio ni ya Kiswahili, na mzee akipandwa na hisia anahamia Kisambaa bila kujua. Tumeacha sauti yake sekunde chache, kisha mtangazaji anarudia kwa Kiswahili. Wasikilizaji wamepiga simu kusema sehemu hiyo ndiyo waliyoipenda.

Mei

Ruhusa ya nesi imetoka kwa masharti, na ni masharti ya haki: hakuna jina la mgonjwa, hakuna kurekodi chumba cha matibabu, na asiulizwe mambo ya ugavi wa dawa, hayo tumuulize mganga mkuu wa wilaya. Tumekubali, na kipindini tumewaambia wasikilizaji masharti hayo yote. Msikilizaji ana haki ya kujua swali gani halikuulizwa.

Kina mama waliohojiwa wamegawanyika. Wapo wanaosema sista ana kauli kali kliniki ikijaa. Wapo waliojifungua mikononi mwake usiku kwa taa ya simu. Mmoja alisema yote mawili kwa pumzi moja.

Nesi hakukanusha ukali. Alisema mwenzake alihamishwa na nafasi haijajazwa, kwa hiyo kliniki, wazazi na wagonjwa wa nje ni wake pamoja na mhudumu mmoja. Kisha akatuonyesha jokofu la chanjo, linalotumia umeme wa jua. Chanjo nyingi lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto zinakufa, na baadhi zikiganda nazo zimeharibika, na kwa macho huwezi kujua. Mlangoni kuna karatasi ya visanduku, viwili kwa kila siku, asubuhi na jioni, na ndani ya kila kimoja namba kwa kalamu ya bluu. Tuliomba za miezi ya nyuma, akalitoa faili. Jumapili zina namba mbili. Krismasi ina namba mbili. Idi, na yeye ni Mwislamu, ina namba mbili. Kisanduku kimoja cha jioni kiko wazi na pembeni pameandikwa "rufaa": alikuwa kwenye gari la wagonjwa na mzazi kwenda hospitali ya wilaya.

Kwenye gazeti la ukutani hatukuandika makala. Tumebandika picha ya karatasi hiyo, imekuzwa, na maelezo mafupi chini yake. Watu wanasimama mbele ya ubao wakitafuta siku ya sikukuu yao.

Mwezi huu pia mdau mmoja mwenye nafasi yake alijitolea kulipia vipindi vyote vilivyobaki, mradi kila kimoja kifunguliwe na salamu zake. Tulimshukuru tukakataa. Matokeo yake ni kwamba hela ya kuchapisha tunachangishana, na wenye vibanda vya mnadani wametuongezea.

Wazo la vikundi vya kusikiliza limetoka kwa mzee yule yule wa Mlalo. Alikuwa kwenye kikundi mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, Redio Tanzania ikitangaza na watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakisikiliza kwa makundi, kila kundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu. Kipindi kikiisha haikuwa kwaheri, ilikuwa mjadala, kisha majembe, kwenda kuchimba vyoo. Tumeanzisha vikundi viwili vya majaribio. Kimoja kimekufa kwa sababu saa ya kipindi ni saa ya kukama. Cha pili kinakutana kusikiliza kwa memori kadi, saa waitakayo.

Juni

Mtendaji wa kijiji ndiye aliyetugawa. Kijiji tulichokichagua kilikuwa hakijasomewa mapato na matumizi kwa muda mrefu, na tulipouliza watu mtendaji amewafanyia nini, walituuliza sisi tunamuenzi kwa lipi. Swali zuri. Tungeweza kuhamia kijiji kingine chenye mtendaji anayependwa. Tukaamua kutokuhama.

Karatasi ya ukutani ya wiki hiyo haikumtaja mtu. Ilieleza tu kwamba kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Chini tukaandika kwamba tungependa kurekodi mkutano unaofuata. Wazee wakasoma, vijana wakapiga picha, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenyekiti akaitisha mkutano.

Mtendaji alikuja na daftari na jasho. Alisoma ushuru, alisoma michango ya darasa, alisoma mifuko ya saruji. Mama mmoja alisimama akataka kujua mifuko iliyobaki iko wapi, ikabidi mwenye ghala aitwe, watu wakaenda kuihesabu. Ilikuwepo. Pengo moja la matumizi halikuelezeka na limepewa kamati, na hilo nalo limo kwenye kipindi. Kisha akaeleza anavyokusanya ushuru gulioni saa kumi na moja alfajiri, kabla malori hayajaondoka, na kwa nini stakabadhi za mashine zinakwama mtandao ukipotea.

Kipindi hicho kilirushwa ndani ya Wiki ya Utumishi wa Umma. Afisa mmoja alitupigia kusema hakikuendana na shamrashamra. Labda. Mimi nakihesabu kuwa bora kuliko vyote. Mtendaji alisimama mbele ya waajiri wake akasoma namba, akaulizwa, akajibu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na watu walipomaliza walimpigia makofi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Yanayoendelea: mwalimu wa darasa la kwanza bado hajapata ruhusa, barua ya kukumbushia imekwenda. Dereva wa greda anatosha kipindi, tunangoja jua ili tumfuate akiwa kazini. Kamati ya maji, baada ya kelele za mama wa kitongoji cha juu, imeamua vilula vya chini vifungwe asubuhi mbili kwa wiki ili juu wapate mchana, na ratiba ameshikishwa fundi. Sasa wenye maduka wa chini wanasema fundi anawapendelea watu wa juu. Wamedai nao wasikike, na Jumatatu tunakwenda kuwarekodi.